Mamba Hii, Mamba Huyu

Watu wakisema mtoto wangu ana maringo, nawaambia asanteni. Nayajua, nimeyazaa mwenyewe. Mimi ni Gaudensia, nauza samaki wa kukaanga Kigera, hapa Musoma, na siku ile sikufungua meza. Nilivaa kitenge changu cha Pasaka nikapanda gari la shule kwenda Bunda. Mwanangu Hyasinta, wa kidato cha tatu, alikuwa amefika fainali ya mashindano ya Kiswahili. Anayeshinda anakwenda Dodoma kuuwakilisha mkoa wote wa Mara. Mimi nibaki nyumbani nakaanga sato? Thubutu!

Kazi yao ilikuwa hivi: wanapewa mashairi mawili palepale ukumbini, wanayalinganisha mbele ya watu. Jaji mkuu, Mwalimu Pastory, mstaafu wa Butiama, akayasoma kwa sauti. La kwanza lilikuwa la ndama.

Ndama huyu, pua nyevu, arukaruka uani,
Aliyemuumba huyu, alikuwa furahani.

Tukapiga makofi. Nani hapendi ndama? Mimi mwenyewe nilikuwaga nachunga ndama wa babu kule Suguti, nikajikuta natabasamu peke yangu. Halafu akasoma la pili.

Mamba hii, meno wazi, imelala mchangani,
Imemeza mtu wetu, na haioni huzuni.

Likaendelea hivyo, likaishia kwenye swali:

Mola, mamba huyu naye, ulimfinyanga lini?

Jamani! Mamba ndiyo iliyomchukua mume wangu, Enos, pale Kiriba, akiosha nyavu zake. Tulizika shati. Hyasinta alikuwa darasa la nne. Baada ya hapo tukahamia mjini, na ndani ya nyumba yangu jina la mnyama hiyo halitajwi. Nikainuka, nikamfuata Mwalimu Felisian, anayemfundisha Kiswahili shuleni.

"Mtoe mtoto wangu. Hawezi hii."

"Mama Hyasinta, nimeshamwuliza. Amesema anabaki."

"Umemwuliza yeye, mimi hujaniuliza!"

"Kaa, mama. Nakuomba."

Nikakaa, lakini damu ilikuwa inanichemka.

Wengine wakatangulia. Kijana mmoja wa Butiama, Magige, hodari kweli, sitamnyima haki yake, alisema shairi la ndama linamwonyesha Muumba mpole, la mamba linamwonyesha Muumba mkali. Kisha akaongeza kwamba la pili lina kosa la sarufi. Mamba ni kiumbe hai, haisemwi "mamba hii imelala", ni "mamba huyu amelala".

"Ila ndivyo tunavyoongeaga huku kwetu," akamalizia, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kweli tupu! Huku ni ng'ombe hii, mbuzi hii, na maziwa tunakunywa vilevile. Jaji akatikisa kichwa kukubali, akaandika. Waliofuata wote wakalisema kosa hilohilo, na wote wakapigiwa makofi.

Akaja wangu. Alisimama na ile shingo ya baba yake, ndefu, haiinami.

"Hilo siyo kosa," akaanza. Hata salamu hakutoa! Mwalimu Felisian akafumba macho.

"Mtunzi anajua kusema 'mamba huyu'," akaendelea. "Amesema mwishoni. Sasa kwa nini hakusema tangu ubeti wa kwanza? Kwa sababu pale anaongea na sisi, na kwake mamba ni kitu tu, kama panga lililomkata mtu wake. Hataki kuipa heshima ya kiumbe. Lakini anapogeuka kumwuliza Mungu, inabidi akubali kwamba hata mamba naye ameumbwa. Hapo ndipo ulimi wake unasema 'huyu'. Mtunzi wa ndama ameanza na 'huyu', amemaliza na 'huyu', hajatoka alipokuwa. Mtunzi wa mamba ametembea mbali sana."

Mwalimu Pastory akaegemea mbele. "Kwa hiyo, binti, wote wawili wanamsifu Muumba?"

"Wa kwanza anamsifu, Mwalimu. Wa pili anamwamini. Mtu usiyemwamini humwulizi swali kama lile."

Na sikilizeni: habari ya baba yake hakuigusa hata kidogo. Angetaka angewaliza wote, majaji wakampa ushindi huku wanafuta kamasi. Hakutaka huruma ya mtu, alitaka maksi zake! Haki ya Mungu, nilijisikia mrefu pale kwenye kiti.

Jaji akavua miwani. "Sarufi itabaki sarufi," akasema. "Lakini hapa umenishinda." Majaji wakanong'onezana, kisha akatangaza kwamba wa kwenda Dodoma ni Hyasinta. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Magige naye akaja kumpa mkono, na mimi nikampa soda yangu.

Wakaniita jukwaani kupiga picha, wakanishikisha maiki. Mzazi aseme neno. Nilikuwa nimepanga kuwashukuru walimu, basi. Kilichotoka kilikuwa kingine.

"Baba yake angekuwepo leo," nikasema. "Hayupo. Mamba ilimla. Mamba hii..."

Nikakwama. Watu wote walikuwa wananitazama. Kwenye viti vya mbele mwalimu mmoja akaninong'oneza ili kunisaidia, nadhani ni mazoea tu ya kazi:

"Huyu, mama. Mamba huyu."

Hyasinta akaichukua maiki mkononi mwangu, taratibu, akasimama mbele yangu.

"Mwacheni mama yangu," akasema. "Yeye bado yuko ubeti wa kwanza."