Posa ya Chupa ya Maziwa

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeposwa. Mimi hapa, na kipara changu na magoti mabovu.

Ngoja nieleze kwanza. Binti yangu Sikudhani anaishi Moshi na mwanaume anaitwa Elibariki. Wana mtoto, Tausi, hana hata jino. Ndoa hakuna. Mimi nikasema, huyo mtoto simpakati mpaka baba yake alete posa kama watu. Mke wangu Mwanamkasi akaendelea kuchambua mchele. Basi nikalala.

Sasa niko sebuleni kwangu, mchana kweupe, jamvi limetandikwa. Hodi. Anaingia Tausi, kavaa nepi na koti la baba yake, anatembea vizuri tu. Nyuma yake mshenga, chupa ya maziwa, kofia ya viua kaiweka upande. Wakaketi. Chupa ikakohoa.

"Tumepita njiani, tumeona nyumbani hapa pana ua limechanua. Tumekuja kuliomba."

Nikageuka nyuma kumtafuta msichana.

"Ni wewe, mzee," ikasema chupa. "Bibi huyu anataka babu."

Nikasema mbona mambo kinyumenyume, anayeposa ni mwanaume, tena baba mtu ndiye angetangulia. Chupa ikanijibu kwa adabu kwamba yenyewe imetumwa kwa babu tu, habari za baba na mama zina mshenga wake. Sikuona kosa kwenye jibu hilo. Tausi mwenyewe ananitazama kama mtu anayechagua mbuzi.

Sasa kwetu mwari haulizwi mbele za wageni, shangazi yake humfuata ndani. Kinu changu cha kutwangia kikasimama, kikasema ndicho shangazi yangu, kikanifunika khanga na kunisukuma chumbani.

Chumbani si chumbani. Ni kliniki ya watoto, benchi limejaa wanaume wamebeba watoto mgongoni. Elibariki yumo, anamsuka nywele msichana mkubwa kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Huyu naye wa nani?"

"Wangu, kwa yule niliyeachana naye. Shule zikifungwa anakuja kwetu."

Nikataka kujua mengi. Nani anapika? Mtoto akilia nani anaamka? Na huyu na Tausi wanaitanaje? Akasema anapika yeye, anaamka aliye karibu, na wale ni dada na mdogo wake, wataitanaje tena? Nikamuuliza posa je. Akainamisha kichwa. Akasema alishafunga safari kuja kwangu, akafika stendi, ndipo akasikia nimesema mtoto simpakati. Akarudi.

Hapo kinu kikanigonga bega. "Mwari, unakubali au hukubali?"

Desturi mnaijua. Mwari akinyamaza, kakubali. Asiyetaka ndiye hufungua mdomo. Na mimi neno ninalo, sitaki, limekaa ulimini kama kokwa ya embe. Kinu kinangoja. Benchi zima linangoja. Kule sebuleni nasikia Tausi anacheka, kicheko kilekile cha mama yake alipokuwa anatambaa.

Nikalimeza neno. Likashuka polepole, linakwaruza.

Kinu kikapiga kigelegele, watoto wote mgongoni wakaamka. Elibariki akanishika mkono, akachovya njiti kwenye hina, akasema mwari hatoki hivihivi. Akaanza na kidole kidogo. Hajafika cha pili, nikaamka.

Kumekucha. Mwanamkasi ananipa kikombe cha uji, halafu hakiachii. Ananitazama mkono.

"Baba Sikudhani, hina hii umepakwa na nani?"

Nikatazama. Ukucha wa kidole kidogo, hina bado mbichi, imegusa hata shuka.

Nikamwambia ampigie simu Sikudhani. Akaniuliza amwambie nini.

"Mwambie mwari kanyamaza. Waje wote, na huyo mwenye kusukwa. Wamlete mume wangu nimpakate."