Alichosema Jicho Nyuma ya Kioo

Hospitalini walimwita Jicho, na kusema kweli jina lilimpendeza kuliko alivyokubali. Alikuwa amepiga picha za eksirei kwa miaka kumi na sita, na kabla daktari hajavaa miwani yake, yeye alikwisha jua kilichomo kifuani mwa mtu. Wenzake wakimuuliza, anajibu. Hapo ndipo ilipokuwa kasoro yake: ulimi haukuwa na breki.

Maradhi yalipoingia, idara ya picha ikapinduliwa juu chini. Kazi ya mtu mmoja ikawa ya wawili. Mmoja aliitwa mkono mchafu: alivaa gauni, barakoa, miwani na glavu mbili mbili, akaingia chumbani kumshika mgonjwa. Mwingine, mkono safi, alibaki nyuma ya kioo kwenye mitambo, na ole wake avuke mlango. Karatasi za wagonjwa hazikuingia upande safi. Ilikuja namba tu. Simu zilifungiwa kabatini mpaka zamu iishe. Na kila kinachoguswa upande wa kioo, pamoja na kitufe cha kipaza sauti, kilifungwa ile plastiki nyembamba ya kufunikia chakula, ikabadilishwa asubuhi na mchana. Mitambo yote ilionekana kama kiporo.

Jumanne hiyo Jicho alikuwa mkono safi. Mkono mchafu alikuwa Mjomba, mkongwe wa idara, ambaye hakuwa mjomba wa mtu yeyote pale. Jicho aliifunga plastiki mwenyewe, safu mbili, akaikaza barabara, maana siku zile watu walikuwa wanakwisha na yeye hakutaka mchezo. Aliikaza mno. Kitufe cha kipaza sauti kikabonyea na kubaki kimebonyea, na hakuna aliyegundua. Kitufe kile ukikibonyeza, wa ndani wanakusikia, wewe huwasikii.

Mgonjwa wa kwanza aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Mjomba akamkalisha kwenye stuli, kifua kimeegemea ubao, mgongo umeelekea kioo. Gauni la hospitali, kitambaa kichwani, mabega yanapanda na kushuka kwa taabu. Jicho aliutazama mgongo ule kama alivyokwisha tazama mamia ya migongo tangu balaa lianze. Akamwambia avute pumzi aibane, akapiga. Mjomba akatoka nyuma ya ukuta wa kujikinga na mionzi na kumrudia mgonjwa.

Picha ikatokea. Mapafu yote mawili yalikuwa yametandwa na weupe.

"Vipi huyo?" aliuliza mama wa usafi, aliyesimama nyuma ya Jicho na ndoo yake ya klorini, akisubiri chumba kiwe kitupu.

"Huyo? Huyo Ijumaa haioni," Jicho akasema. "Ndugu zake wajipange tu."

Ndani, Mjomba akaanza kupunga mikono yote miwili. Jicho akadhani anauliza kama picha imetoka sawa. Akamwonyesha dole gumba.

Mgonjwa akageuka polepole kwenye stuli. Alikuwa mama yake.

Kaka yake Jicho alikuwa amempigia mara tisa asubuhi ile, simu ikalia peke yake kabatini. Lakini la simu halikumuuma kama la mgongo. Mgongo ule ulimbeba mpaka akajua kukimbia, ulimpeleka zahanati akiwa na surua, na leo ameukodolea macho akaona namba. Alikimbilia mlangoni. Mama wa usafi akamdaka kiunoni.

"Huruhusiwi, dada! Utatumaliza wote!"

Basi akalilia hapo hapo, kwa sauti, na kipaza sauti kikakipeleka kilio chote ndani.

Wodini kasheshe ikaanza siku hiyo hiyo. Mitungi ya oksijeni haikutosha, na kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na binti mwenye watoto wawili wadogo. Nesi akimvisha mama barakoa ya oksijeni, mama anaivua.

"Mpeni huyu mwenye watoto," anasema. "Mimi mwanangu ameshaniangalia kwenye picha."

Ndugu hawakuruhusiwa kuingia. Jumatano nesi alichoka kubishana, akampigia Jicho na kumwekea mama simu sikioni.

"Mama, nilikosea."

"Wewe?" Mama alikuwa anahema kati ya neno na neno. "Wewe hukosei. Kila siku nawatambia majirani."

"Sikujua ni wewe, Mama."

"Ndiyo maana nimeamini. Ungejua ni mimi ungenificha."

Na ni kweli, Jicho angemficha.

Alhamisi daktari akaagiza picha nyingine. Ili kupunguza watu wa kuingia wodini, mashine ndogo ya kusukuma iliwekwa koridoni na picha ikapigwa kupitia kioo. Mjomba alikuwa ndani akiweka bamba la kunasia picha, lililotiwa ndani ya mfuko, mgongoni kwa mama. Jicho akalenga, akapiga. Kisha akatazama, na akatazama tena, maana hakujiamini.

Weupe ulikuwa umepungua. Pafu la kulia limeanza kufunguka, na la kushoto halikuwa mbali. Akampigia nesi kwa simu ya ukutani, akaomba mama awekewe sikioni, akasimama kwenye kioo ili mama amwone.

"Mama, unapona! Nakuapia. Vaa barakoa siku chache tu, unarudi nyumbani."

"Mbona unalia?"

"Nalia kwa furaha."

"Mwanangu," mama alisema, kwa upole uliomkata maini, "kusoma picha unajua. Kudanganya hujui, tangu utotoni."

"Mama, nakuomba. Nakupigia magoti." Na kweli alipiga magoti pale koridoni, watu wakipita na machela.

"Haya, inuka, usijichafue. Navaa, unaona?" Mama akaivaa barakoa, akaikaza kamba nyuma ya kichwa, akampungia mkono. Alivaa jinsi mzazi anavyoonja dawa chungu ili mtoto anyamaze. Jicho akasimama kwenye kioo kadiri alivyoweza, lakini chini walikuwa wanasubiri wagonjwa saba, na Mjomba, aliyekwisha vua mavazi ya kinga, alimgusa bega mara ya pili. Akashuka.

Alipopotea kwenye kona, mama akaivua, akaiweka juu ya mto, akageukia ukutani. Nesi alikuwa mbali, na vitanda kumi na vinane. Saa tisa alasiri walimkuta amekwisha ondoka duniani.

Ripoti ya daktari ilikuja kesho yake asubuhi, na Mjomba alijaribu kuificha chini ya makablasha. Jicho akamnyang'anya. Iliandikwa: nafuu kubwa, aendelee na oksijeni. Aliisoma mara mbili, mbele ya mama wa usafi aliyekuwa ameshika ndoo bila kujua aende wapi.

"Nilikosea," Jicho akasema. "Mjomba, tangu Jumanne nilikuwa nimekosea."

"Najua, mwanangu."

Kila mtu pale alijua. Ni mama yake peke yake aliyekataa katakata kwamba mwanawe anaweza kukosea.