Nguruwe wa Kikundi

Kitoto cha mwisho cha nguruwe kilibaki ngozi na mifupa, mkia umegandamana kwa uharo wa njano. Loisi alikipakata, akakikanda tumbo kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Pembeni, nguruwe jike wa kikundi alilala ubavu akinyonyesha vitoto viwili vikubwa ambavyo hakuvizaa.

Makubaliano yake na kikundi cha wafugaji waliomkopesha jike yalikuwa haya: vitoto viwili vya uzao wa kwanza virudi kikundini, jike abaki wa Loisi moja kwa moja.

Vikubwa vile vililetwa na Elieza, mwenyekiti wa kikundi, mdogo wa marehemu mume wa Loisi. "Mama yao kafa, shemeji. Vinyonye kwako, sisi si ndugu?" Loisi akavipaka mkojo wa jike, ili jike asivikatae kwa harufu ngeni, kama wafanyavyo wafugaji wote pale Mvumi. Baada ya siku chache vitoto vya jike mwenyewe, vichanga bado, vikaanza kuhara na kufa kimoja kimoja.

Angelina, mtaalamu wa mifugo, aliinama mlangoni mwa banda.

"Shikamoo, mama. Hivi vikubwa vimetoka wapi?"

"Marahaba. Kwa mwenyekiti."

Angelina akaishusha sindano aliyokuwa ameiandaa.

"Ugonjwa uko kwake. Kirusi kinachubua utumbo, halafu bakteria wanaingia palipochubuka. Sindano hii ni ya bakteria; kirusi haikigusi. Vikubwa vinahimili. Vichanga, hapana. Nilimkataza asitoe hata kimoja."

"Ulimkataza lini, mwanangu?"

"Siku ile ile mama yao alipokufa."

Loisi akaendelea kukanda. Tumbo la kitoto lilikuwa limekwisha kupoa.

Jioni Elieza akaja na wanakikundi wawili.

"Mbukwenyi!" akasalimia kwa Kigogo. "Pole, shemeji. Ila kanuni unaijua: asiyerudisha vitoto, anarudisha jike."

"Ulijua vinaumwa."

"Mbona vyangu vizima? Banda ni usafi, shemeji."

"Au pumba ya nguruwe ulikuwa unapikia uji wako?" mmoja akadakia, wakacheka.

"Angelina kanieleza yote, Elieza."

"Basi Angelina akupe nguruwe."

Wakamswaga jike, maziwa yakimdondoka. Vile vikubwa viwili vikamkimbilia, vinene, vikipiga kelele. Kwenye lango la ua jike akagoma, akageuza shingo kuelekea banda.

Elieza akatazama huku na huku, akaiona ndoo ya Loisi na kamba yake ya kuchotea maji kisimani.

"Tuazime hiyo, shemeji. Nitairudisha."

Wote walisimama wakimngoja. Loisi akachutama, akaanza kuifungua kwenye ndoo.