Maua ya Harusi ya Noela

Ndaki alikuwa na ngitili kubwa kuliko zote kijijini, malisho aliyoyafunga ili nyasi na miti virudi, na kiburi chake kilitoshana nayo. Gugu karoti lilipoingia humo na kuchanua vimaua vyeupe, Mama Limi, mwenyekiti wa kamati ya mazingira, alikwenda kumsihi aling'oe kabla mbegu hazijakomaa. Ndaki alimjibu kwamba ng'ombe wake hawajalalamika. Maziwa yao yalikuwa machungu kama mwarobaini, lakini hilo alimsingizia mkewe, eti haoshi vibuyu.

Ndipo ikaja harusi ya binti yake Noela. Bwana harusi, Charles, alikuwa fundi mitambo kwenye mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, na shangazi zake walisifika kwa kutafuta dosari. Ndaki alitaka kanisa lipambwe hadi wakose la kusema. Akawapeleka wapambaji mwenyewe kwenye ngitili, wakakata vimaua vile mafungu kwa mafungu, wakavifunga madhabahuni, kwenye viti na kwenye shada la bibi harusi.

Kwaya ilianza kupiga chafya kabla ya kiitikio. Mchungaji, aliyekuwa akihubiri juu ya uvumilivu, alijikuna shingo kwa pembe ya Biblia. Noela alipoulizwa kama anamkubali Charles, alipiga chafya. Akasubiriwa, akapiga nyingine. Shangazi mmoja akasema, bila kujisumbua kunong'ona, kwamba mizimu imeikataa ndoa.

Ndaki aliyatazama maua, akaelewa. Akinyamaza, binti angebaki na jina la aliyerogwa, na ng'ombe wa mahari wangerudi walikotoka. Akasimama, macho yamemvimba.

"Hakuna mizimu hapa," alisema. "Ni haya maua. Yametoka kwangu. Mama Limi aliniambia niyang'oe, nikamwona mbea."

"Ulisema ng'ombe hawajalalamika, Baba Noela," Mama Limi alimkumbusha, bila kuinuka.

"Walilalamika kwa maziwa machungu. Mke wangu ndiye aliyebeba lawama."

Mkewe alipiga kigelegele kirefu kuliko vyote vya siku ile, na kanisa likaangua kicheko. Maua yakatiwa kwenye viroba yakachomwe, na ndoa ikamaliziwa nje, upepo unakotoka. Noela, uso umeumuka kama andazi, alitamka "nakubali" kwa sauti iliyokauka. Charles aliapa kwamba hajawahi kuona bibi harusi mzuri kama huyo. Hakuna aliyemsadiki, ila shangazi zake walinyamaza.

Wiki iliyofuata Ndaki aliingia kwenye ngitili na glavu na kitambaa puani, aking'oa shina kwa shina, huku Mama Limi akimwonyesha mizizi aliyoiacha. Ndaki alimchukia mama huyo mpaka mvua ziliponyesha na nyasi za zamani zikachipua palepale penye vipara. Tangu hapo Ndaki amekuwa msumbufu kuliko kamati nzima: hupita mashambani mwa watu akikagua magugu, na wakimwona kwa mbali, majirani hujifanya wamelala.