Usiiname

Kalombo alikuwa amepiga magoti katikati ya ua, viganja chini, akibweka. Mzee wa miaka sitini na tatu, koti la usentineli, kazi yake ya ulinzi wa usiku, bado mwilini, hata chai hajanywa. Jirani yake Rosalie alicheka mpaka akaacha kufua.

"Papa Kalombo, iko nini? Bamekuloga?"

"Niache, mama. Niko nafundisha."

Mbele yake alisimama mjukuu wake Glodie, wa darasa la sita, na kovu la meno ya mbwa kwenye shavu la mguu.

"Imbwa ikikuya, unafanya namna gani?"

"Nasimama. Sikimbie. Mikono chini. Siiangalie mu macho."

"Na kuinama?"

"Hapana kuinama, Kambo," alimjibu babu yake.

Hilo la kuinama ndilo lililomkaa Kalombo rohoni. Mtaani kwao Shituru, mtoto akikutana na mbwa asiyemjua huinama kana kwamba anaokota jiwe, hata kama chini pana vumbi tupu, na mbwa hutimua mbio. Yeye ndiye aliyemfundisha Glodie hivyo. Lakini mbwa wa kando ya reli, yule aliyemng'ata Glodie alipoinama, alikuwa amezaa, na mwenye watoto hakimbii. Glodie alichomwa sindano, mguu ukapona, hofu ikabaki. Wiki tatu hakukanyaga shule, na mtihani wa mwisho ulikuwa umekaribia. Asipoufanya, mwaka mzima umepotea.

Kalombo aliona aibu. Miaka kumi na tano amelinda depo pamoja na mbwa wa kazi, na mbwa wa kazi hufunzwa kumrukia anayeinama. Alijua vizuri kabisa. Alijua ya depo, akayaacha hukohuko depo.

Jumatatu alimpeleka shule mwenyewe, moja kwa moja kutoka kazini, macho mekundu kwa usingizi. Walipokaribia reli, mbwa wa kahawia ambaye hawakuwahi kumwona akatoka majanini, akasimama njiani.

Glodie akasimama. Mikono ikashuka, macho yakaenda kwenye viatu. Miguu haikusogea. Mbwa akaja, akanusa mkoba, akanusa sketi, kisha akafika kwenye kovu. Akanguruma kidogo.

Hapo mzee akasahau kila kitu. Mkono ukaenda chini wenyewe, ukakamata jiwe.

Mbwa akamgeukia yeye, meno nje.

"Kambo!" Glodie hakupiga kelele. Alisema taratibu, kama mwalimu aliyezoea watoto wazito kuelewa. "Acha lile jiwe. Inuka pole pole. Mikono chini. Usiiangalie mu macho."

Kalombo akatii. Jiwe likaanguka. Aliogopa, na katikati ya woga ule akajisikia mwenye furaha kubwa. Mbwa akanusa suruali yake iliyojaa harufu ya mbwa wa depo, akainusa tena kwa makini, akaenda zake.

"Ilishaenda?" aliuliza, kichwa chini.

"Ilishaenda. Rudia ku nyumba ulale, Kambo. Minye naenda."

"Weye peke yako?"

"Minye peke yangu."

Akavuka reli bila kugeuka. Kalombo alibaki wima palepale, hathubutu hata kujikuna, akisikiliza viatu vya Glodie juu ya kokoto, mpaka akawa havisikii tena.