Breki ya Upande Wangu

Mume wangu amefundisha watu udereva kwa miaka thelathini na mmoja, na mji mzima humwita Mwalimu, hata mimi. Alipostaafu, shule ya udereva ilimuuzia lile basi dogo la mazoezi kwa bei ya kutupa. Akang'oa viti, akaweka kitanda, jiko la gesi na sinki la bati, likawa nyumba yenye magurudumu. Breki ya pili, ile anayokanyaga mwalimu akiwa amekaa upande wa abiria, aliiacha. Alisema breki haijawahi kumzidi mtu.

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu imetazamana na ukuta tangu niolewe, na miaka yote hiyo nilikuwa nikisema kwamba siku moja nitaitazama milima mpaka nishibe. Siku tulipofunga mlango wa nyumba na kuondoka, nilikuwa sijalala kwa furaha.

Furaha hiyo ilidumu hadi kona ya kwanza ya mlima. Mwalimu aliendesha kama mtu anayefukuzwa, macho mbele, shingo imekakamaa. Bonde likafunguka upande wangu, kijani tupu, na kabla sijavuta pumzi tulikuwa tumelipita. Nikamwomba asimame. Akasema tutasimama tukifika. Maporomoko ya maji nayo nikayaona kwa kugeuza shingo. Nikamwomba tena, akanijibu vilevile.

Basi, shetani akanipitia. Palipotokea nafasi ya kuegesha nikausogeza mguu taratibu, nikakanyaga. Gari likapunguza mwendo, likakohoa, likazimika mahali pazuri kuliko pote. Mwalimu akanitazama. Mimi nikatazama kucha zangu. Akashuka, akafungua boneti, akaingiza kichwa. Nikashuka na chupa ya chai, nikakaa kwenye jiwe na kulitazama bonde mpaka chai ikapoa.

Kufikia adhuhuri gari lilikuwa "limeharibika" mara nne, kila mara mbele ya mandhari ya kupigia picha. Nilimpa pole kwa sauti ya huruma. Nilishauri kwamba huenda tuliuziwa mafuta machafu. Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahi kupindukia.

Mara ya tano, Mwalimu alipotoa kichwa kwenye boneti, alifuta mikono ambayo ilikuwa safi kabisa, akasema gari hili si la kuaminika. Tugeuze turudi nyumbani, naye akifika ataliuza. Moyo ukanishuka. Zilibaki kilomita kumi na mbili tu kufika kileleni, nami nilikuwa nimejinyima kilele kwa mguu wangu mwenyewe. Ikabidi niseme.

"Mwalimu, gari ni zima. Ni mimi niliyekuwa nakanyaga."

Nikasubiri kufokewa. Akakaa kwenye jiwe, akalipa bonde mgongo.

"Najua," akasema. "Miaka thelathini na mmoja, nisiujue mguu wa mtu kwenye breki?"

"Sasa boneti ulikuwa unaifungulia nini?"

Akaanza tena kufuta mikono yake safi. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akaniambia kwamba mji wetu ni tambarare, hajawahi kuendesha gari mlimani, na kila akiliona lile shimo anaona kama gari limeshatumbukia. Alikuwa akikimbiza gari ili yaishe upesi. Ndani ya boneti ndipo mahali pekee ambapo bonde halionekani.

"Kila ulipokanyaga nilimshukuru Mungu," akasema.

Nilimwonea huruma kweli, halafu nikacheka hata hivyo. Leseni ninayo, na ni yeye aliyenifundisha. Ila safari ndefu siku zote aliziona ni zake. Nikanyoosha mkono, akanipa ufunguo bila kubisha.

Akakaa upande wa abiria, akafunga mkanda, akafumba na macho. Nikapanda polepole, nikiitazama milima kwa raha zangu. Karibu na kilele barabara ikawa nyembamba. Akaniuliza, macho yakiwa bado yamefumbwa, upande wake kuna nini.

Nikachungulia. Barabara ilikoma pale tairi lilipokoma. Chini yake kulikuwa na mawingu.

"Shamba la mahindi," nikamwambia.

"Yamekomaa?"

"Bado kidogo," nikasema, nikabadili gia.