Uso wa Kubebea

Kule kwenye ghala la saruji walimwita Winchi, jina la mashine ya kunyanyulia mizigo, naye kwa miaka ishirini na saba aliamini jina hilo amepewa kwa ajili ya nguvu zake. Alianza kupakia malori akiwa na miaka kumi na sita. Sasa mvi zilishaingia kidevuni, na bado mifuko ya kilo hamsini ilipita mikononi mwake kutwa nzima bila yeye kuomba likizo. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alitaka kazi iishe, maji ya kuoga yawe ya moto, na mtu akiwa na jambo alitoe, asimzungushe.

Baba mkwe wake alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alikuwa fundi wa suti, mwenye sauti ya chini, kola imenyooka hata siku ya kufanya usafi. Ukivuka mlango wake tu, kabla hujamaliza salamu, ameshajua kiuno chako kwa macho. Kiharusi kilimkuta asubuhi, pini zikiwa mdomoni, kikalaza upande wa kulia wote. Hospitali wakampangia mazoezi ya viungo kila Jumanne na Ijumaa, na daktari akasema bila kupindisha kwamba miezi hii ya mwanzo ndiyo ya kukazana, wakiichezea watakuja kujuta.

Shida ilikuwa ngazi. Wazee waliishi ghorofa ya nne, jengo halina lifti, na ngazi zenyewe nyembamba, kiti cha magurudumu hakikati kona. Mwezi ule wa mwanzo mzee alibebwa na mwanawe wa kiume. Huyo akahamishwa kikazi, akaenda mbali, na zamu ikamwangukia mkwe. Mama mkwe alimwomba huku akiangalia pembeni, maana si jambo dogo kumwambia mkwe ampakate baba wa mkewe kama mtoto mchanga. Winchi akajibu kwamba kama ni kubeba tu, hilo lisimnyime mtu usingizi.

Jumanne ikafika. Mzee hangeweza kubebwa mgongoni, mkono mmoja haukuwa na nguvu ya kushikia. Kwa hiyo Winchi alimpakata mbele, mkono mmoja chini ya magoti, mwingine mgongoni, nyuso zao zikiwa zimeachana shubiri moja. Akavuta pumzi, akanyanyua.

Yaliyofuata alikuja kusimuliwa. Yeye alichokumbuka ni kuhesabu vidato. Mkewe, aliyekuwa nyuma na fimbo ya mzee na bahasha ya hospitali, ndiye aliyesikia yote. Mlio ulianza kwenye kidato cha kwanza: mngurumo mrefu wa kutoka tumboni, unapanda, ukifika kooni unakatika kwa "hep", halafu unaanza upya. Ghorofa ya tatu ukafunguliwa mlango. Ghorofa ya pili ikafunguliwa miwili. Watoto wakatoka wakajipanga ukutani, na mmoja wao akatoa meno, akakodoa macho, akatembea mbele ya wenzake akinguruma na kubeba hewa, wakacheka mpaka wakakaa chini. Mwanamume mmoja mwenye taulo kiunoni aliuliza nani amefariki. Mzee alifumba macho. Alipowekwa kwenye teksi alijifunika uso kwa ule mkono mzima, na hakuuondoa mpaka hospitali.

Ijumaa akakataa kushuka. Jumanne akakataa tena. Wakapendekezwa vijana wawili wa jirani wamshushe akiwa amekaa kwenye kiti, akasema habebwi na mtu yeyote tena, habari imekwisha. Alimwambia mkewe, kwa mdomo wake uliopinda, kwamba miaka arobaini amevalisha watu na hajawahi kumtoa mtu dukani akiwa kichekesho. "Nimeuona uso wake," alisema. "Nimekuwa gunia."

Mama mkwe alimpa binti yake maneno hayo, na binti akamfikishia mumewe wakati anavua viatu vya kazi. Winchi alibaki na kiatu kimoja mkononi. Akasema yeye hapigi kelele, yeye anapumua. Mkewe hakubishana, na huko kutobishana kukamwingia kuliko matusi.

Kesho yake aliwauliza wenzake ghalani, kwa kujifanya utani, kama ana mlio akinyanyua. Walitazamana. Halafu mmoja akainama, akashika mfuko usiokuwepo, akauiga mlio. Wa pili akamrekebisha, akasema mdomo huwa unaenda kushoto. Akaja dereva wa lori, akaja mlinzi wa geti. Hata mama anayewauzia chai, mtu mzima mwenye heshima zake, aliweka birika chini, akakunja pua, akatoa macho, akanguruma, na ilionekana wazi kwamba hakuwa anafanya kwa mara ya kwanza.

"Kwani wewe ulidhani tulikuita Winchi kwa nini?" msimamizi alimwuliza.

Winchi alicheka nao. Alipofika nyuma ya rundo la mifuko alikaa, masikio yanawaka moto. Alikuwa anapitia kimoja kimoja vitu vyote alivyowahi kunyanyua mbele ya watu: kabati la dada yake siku anaolewa, friji ya mama mkwe, jeneza la baba yake mwenyewe. La jeneza hakutaka hata kulimaliza.

Ghalani hakuna kioo. Ndiyo sababu akaenda jimu, ukumbi wa mazoezi uliokuwa juu ya duka la kufulia nguo, wenye vioo ukuta mzima. Alipita huko akitoka kazini, na nyumbani akasema malori yanachelewa. Siku ya kwanza alijisimamisha mbele ya kioo, akaukumbatia mfuko wa mchanga wa kilo sitini, akanyanyua huku akijitazama.

Mdomo ulivutwa upande kama wa mtu anayeng'olewa jino. Mshipa ulisimama katikati ya paji la uso. Pua ilitanuka, macho yakatoka. Hayo angeweza kuyavumilia. Kilichomfanya aangushe mfuko ni kwamba uso ule ulikuwa na chuki. Ulikichukia ulichokibeba. Na huo ndio uso alioutazama mzee kwa karibu vile, ghorofa nne, bila pa kugeukia.

Kocha, kijana mwenye shingo nene kama paja, alikuja mbio akimpongeza. "Toa, mzee wangu, toa sauti yote, usiibane." Na kweli wengine waliitoa. Kulikuwa na mmoja kwenye kona aliyelia kama anaporwa. Kocha akamwuliza mgeni anatafuta nini, kifua au tumbo.

"Natafuta uso," Winchi alisema.

"Uso?"

"Nikibeba, utulie. Na nisitoe sauti."

Kocha alisubiri acheke. Alipoona hacheki, akamwambia basi waanze na uzito ambao uso hautaugundua. Ukawa kilo kumi na tano. Winchi, aliyeshusha mifuko mia nne siku hiyo, akawa anainua kilo kumi na tano pembeni ya wanawake waliokuwa wanainua thelathini. Kocha akamfundisha kulegeza ulimi, kuacha meno yasigusane, kutoa pumzi kidogo kidogo kama anayepuliza chai. Kisha akamjaza maji mdomoni. Kama maji hayatoki, sauti haitoki. Maji yalitoka. Yalitoka kwa nguvu, yakaloanisha kioo na kijana aliyekuwa amelala kwenye benchi, na Winchi akapewa tambara afute. Kuanzia siku hiyo huko jimu wakamwita Bomba.

Wiki ya kwanza ikaisha, ya pili, ya tatu. Mama mkwe alituma salamu. Winchi akajibu bado kidogo. Hakupanda zile ngazi hata mara moja. Kila alipofikiria kumwamkia yule mzee aliona ule uso wa kwenye kioo, akajiambia atakwenda ukishakuwa tayari. Aliongeza kilo tano, akaongeza tano nyingine.

Wiki ya tano mkewe akajua. Mwanamke wa duka la kufulia alimpongeza kwa mume anayejitunza. Jioni mke alimsubiri mumewe amekaa kwenye kiti cha mlangoni, hata salamu hakuitikia.

"Baba yangu anakauka kule juu," alisema, "na wewe unajenga kifua."

Winchi alisimama pale na begi lake. Aliona bora apigwe kuliko kueleza. Lakini alieleza, yote, mpaka ya tambara. Mkewe alimsikiliza akiwa ameziba mdomo, na Winchi hakujua kama analia au anacheka. Pengine vyote viwili. Mwishowe akainuka, akasukuma meza ukutani.

"Haya, nibebe."

Akambeba. Wakazunguka sebule, wakaenda mpaka jikoni, wakarudi, mke akimkagua uso kama anayetafuta jipu. Akamwambia jicho la kushoto. Akamwambia taya. Mara ya tatu akamwambia sasa unatabasamu, acha, utamtisha zaidi. Mara ya sita hakuona cha kukosoa, akaegemeza kichwa begani kwake.

Jumanne iliyofuata Winchi alipanda ngazi. Mzee alikuwa amekaa dirishani, shati limepigwa pasi. Winchi alichuchumaa ili wawe sawa kwa kimo, akaamkia, akasema, "Baba, nisamehe kwa siku ile."

Mzee alimtazama kwa muda mrefu, akimpima. Akamwuliza amekuwa wapi. Winchi akamwambia jimu, akamweleza kioo, maji mdomoni, na jina la Bomba. Upande mmoja wa mdomo wa mzee ukatikisika. Kisha akainua ule mkono mzima, kama mtu anayesubiri kuvalishwa koti.

Winchi alijiandaa kwa uzito ule ule. Alilegeza ulimi, akapuliza chai, akanyanyua, na nusura amrushe juu. Mikono yake haikuwa na haja ya mizani. Alisimama katikati ya chumba amempakata mzee, akaelewa, na damu ikamkimbilia usoni hata kabla ya ngazi kuanza.

Wakashuka. Uso wake ulitulia wenyewe, bila kazi yoyote. Ghorofa ya tatu hakuna aliyefungua mlango. Mkewe alikuwa nyuma yao na fimbo. Chini ya ghorofa ya tatu mzee akasema, "Umejifunza vizuri."

Winchi akahesabu vidato viwili.

"Au mimi nimepungua?"

Angeweza kunguruma kidogo. Wazo hilo lilimjia, mngurumo mdogo tu wa adabu, ili mzee ajisikie ana uzito. Mdomo ulifunguka. Akaona aibu nyingine juu ya ile ya kwanza, akaufunga.

"Umepungua, baba."

"Kilo ngapi?"

"Saba. Labda nane."

"Nane," mzee alisema polepole. "Mimi nilikadiria sita. Suruali nimebaniwa kwa pini."

Walishuka vidato kadhaa. Winchi akasema, akitazama mbele, "Ningekuja ile Ijumaa. Nikuombe radhi, nikubebe hata nimefungwa kitambaa mdomoni."

Alitegemea kusikia kwamba si kitu, yamepita. Ndivyo watu huambiana.

"Ndiyo," alisema mzee. "Ungekuja."

Hospitali mtaalamu wa mazoezi, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, alikaa mbele ya mzee, akaanza kumkunjua vidole. Viwili vilifunguka. Vitatu vikagoma. Alijaribu tena taratibu, akaangalia kadi yake, akauliza wiki sita hizi kulitokea nini, maana mara ya mwisho vinne vilikuwa vinamsikia. Mke wa Winchi akaanza habari ya ngazi, kwamba jengo halina lifti.

"Ni mimi," Winchi alisema. "Nilimwaibisha, halafu nikaona aibu kumrudia."

Yule mwanamke alimtazama, akaandika kitu. Hakumkemea. Akasema wataanza upya, mara tatu kwa wiki badala ya mbili, na hatoi ahadi. Winchi akasema mara tatu sawa. Akasema hata sita.

Kisha mtaalamu akaweka beseni mezani, na pembeni mipira midogo kumi ya raba, akamwambia mzee ahamishe mpira kutoka mezani kwenda kwenye beseni, kwa mkono mbovu, asisaidiwe. Mzee akausogelea mpira. Vidole vikateleza. Akausogelea tena, akaukamata, na alipoanza kuuinua kikamtoka kitu kifuani, mlio mrefu unaokwama na kuanza tena. Mdomo ukamwenda pembeni, meno yakatokeza, udenda ukashuka kwenye lile shati la pasi.

"Toa, mzee," alisema mtaalamu. "Usiibane."

Winchi alikuwa ameketi moja kwa moja mbele yao, karibu kuliko alivyopenda. Mzee aliinua macho, yakakutana na yake.

Winchi akasimama. Akashika kiti chake, akakigeuza kikaelekea ukutani, akakaa tena, mikono juu ya magoti, masikio yakimchoma. Nyuma yake mlio uliendelea, ukapanda, ukakatika. Akasikia mpira mmoja ukianguka ndani ya beseni. Alikaa wima akisubiri wa pili, nao ulichukua muda mrefu.